Mitambo Imekamilika, Nguzo Hazijafika: Kisa cha GET FiT Uganda

Mwaka 2006 Kampala na Dar es Salaam zilikaa gizani kwa wakati mmoja. Sisi tulikuwa tunahesabu saa za mgao huku tukiisubiri mitambo ya dharura ya kampuni ya Richmond, na wenzetu wa Uganda walikuwa wanalitazama Ziwa Victoria likishuka. Mabwawa yao mawili ya Jinja, Nalubaale na Kiira, kwa pamoja yana uwezo wa megawati 380, lakini maji yalipungua kwa ukame, na pia kwa sababu miaka iliyotangulia yalifunguliwa kupita kiasi. Serikali ikakodi mitambo ya dizeli. Mafuta yakawa yanapanda kwa malori kutoka pwani, umeme unauzwa chini ya gharama, na hazina inaziba pengo. Ruzuku hiyo iliendelea mpaka Januari 2012.

Naanzia hapo kwa makusudi. Habari za fedha za umma kwa nishati jadidifu husimuliwa kana kwamba zilianza na huruma kwa mazingira. Hii ya Uganda, GET FiT, programu ya wahisani ya kuongezea bei umeme wa mitambo midogo, ilianza na hofu ya dizeli. Aliyewahi kulipia jenereta ya kukodi haulizi sana kama maji ya mtoni ni nishati safi. Anauliza yatafika lini kwenye swichi.

Uganda ilikuwa na mambo mawili ambayo majirani wengi hawakuwa nayo. La kwanza, soko lililogawanywa. Sheria ya Umeme ya 1999 ilivunja shirika moja kubwa la umeme: kuzalisha kukawa peke yake, kusafirisha kukapewa UETCL, kusambaza kukakodishwa kwa kampuni iitwayo Umeme kuanzia 2005, na juu ya wote akawekwa mdhibiti, ERA. Kwa hiyo mtu binafsi mwenye mto na mtaji alijua mlango wa kugonga. Mnunuzi alikuwa mmoja, UETCL, na bei ilipangwa na ERA. La pili, mito. Kuanzia miteremko ya Rwenzori upande wa Kasese na Bundibugyo, hadi Mlima Elgon upande wa Bukwo, kuna maporomoko mengi yanayotosha mtambo wa megawati tano, sita au kumi na tano bila kujenga bwawa kubwa wala kuhamisha vijiji.

ERA ilitangaza bei maalumu za kununulia umeme wa miradi midogo tangu 2007. Wawekezaji walikuja, wakachukua leseni, wakapima maji, kisha wakakaa. Bei ilikuwa ndogo. Mdhibiti naye hakuwa na ujanja: akiipandisha, bili ya mwananchi inapanda, na mwananchi ndiye yuleyule aliyekuwa akifidiwa dizeli juzi. Leseni zikawa karatasi za kuuziana.

Hapo ndipo GET FiT ilipoingia, mwaka 2013. Wazo lenyewe lilizaliwa Deutsche Bank mwaka 2010, kwenye pendekezo lililoandaliwa kwa ajili ya jopo la ushauri la Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa: kama mradi wa nishati jadidifu katika nchi maskini unakwama kwa senti chache tu kwa kila uniti, basi nchi tajiri zilipe hizo senti. Uganda ikawa ya kwanza kulijaribu. Uingereza, Norwei, Ujerumani na Umoja wa Ulaya walichanga, KfW, benki ya maendeleo ya Ujerumani, ikawa msimamizi, na ERA ikawa mwenyeji. Fungu la wahisani lilikaribia euro milioni 100, na lengo lilikuwa kuwavuta watu binafsi waweke fedha nyingi zaidi ya hizo.

Jinsi fedha ilivyolipwa ndiyo sehemu yenye akili kuliko zote. Kwa umeme wa maji, nyongeza ilikuwa takriban senti 1.4 za dola kwa uniti, juu ya bei ya ERA. Umeme wa kuchoma mabaki ya miwa ulipata nusu senti. Ukisikia senti 1.4 unaweza kucheka. Chukua mtambo wa megawati 5 unaofanya kazi kwa wastani wa asilimia 55 ya uwezo wake. Kwa mwaka unatoa uniti kama milioni 24. Mara senti 1.4, ni dola zipatazo 337,000 kwa mwaka. Kwa miaka 20 ya mkataba, bila kuhesabu riba, inakaribia dola milioni 6.7. Sasa si ya kuchekesha tena.

Lakini GET FiT haikulipa kwa miaka 20. Ilipiga hesabu ya nyongeza ya miaka yote hiyo, kisha ikailipa mapema: nusu siku mtambo unapowashwa rasmi, na nusu nyingine ndani ya miaka mitano ya kwanza, kwa kadiri umeme unavyofika kwenye gridi. Sababu ni mkopo. Mtambo wa maji hula fedha zote mwanzoni: banio, mfereji, bomba, turbaini, barabara ya kufikia porini. Baada ya hapo maji ni bure. Benki inayokopesha inataka irudishiwe katika miaka ya mwanzo, na hapo ndipo mradi wenye bei ndogo unapokabwa. Kuanzia mwaka wa kumi na tano, deni likishaisha, hata bei ndogo ni faida tupu. Kwa hiyo ruzuku ilipelekwa mahali penye jeraha. Serikali ngapi za eneo hili zimemwaga misamaha ya kodi kwa miaka 20 kwa mwekezaji aliyehitaji msaada wa miaka mitano tu?

Mpangilio huo pia ulimlinda mhisani. Hakuna mtambo, hakuna fedha. Mtambo upo lakini hautoi umeme, fedha ni nusu. Ukiikumbuka miradi ya misaada iliyozinduliwa kwa ngoma kisha ikaota nyasi, utaelewa kwa nini watu wa Ulaya waliupenda.

Bado nadhani kilichofanya kazi kubwa kuliko senti ni karatasi. Kabla ya 2013, kila mwekezaji alikaa na UETCL na serikali kujadili mkataba wa kuuziana umeme kifungu kwa kifungu, na mwanasheria wa mradi wa megawati tano alilipwa karibu sawa na wa mradi wa megawati mia tano. GET FiT ilisaidia kutengeneza mikataba ya mfano mmoja kwa miradi yote: wa kuuziana umeme, na wa utekelezaji kati ya mwekezaji na serikali. Benki ikishauelewa mmoja, imeielewa yote. Miradi ilishindanishwa kwa awamu tatu na kupitishwa na kamati huru iliyoangalia fedha, ufundi, mazingira na jamii inayouzunguka mto. Atakayetaka kuiga programu hii bila fedha za Ulaya aanzie hapa. Kuandika mkataba mzuri hakuhitaji mabilioni.

Kwa umeme wa jua waliendesha mnada wa kushushana bei. Washindi walipata viwanja viwili, Soroti na Tororo, megawati 10 kila kimoja, na wastani wa bei ukawa senti 16.37 za dola. UETCL ililipa senti 11, na GET FiT ikabeba tofauti. Soroti, penye paneli 32,680 na gharama ya dola milioni 19, ulizinduliwa Desemba 2016, na Tororo ukafuata 2017. Kwa bei ya leo senti 16 ni ghali mno. Wakati ule ilikuwa bei ya nchi ambayo haijawahi kuunganisha mtambo wa jua wa ukubwa huo kwenye gridi yake. Kuna ada anayoilipa anayetangulia, na ni haki kuuliza kwa nini ailipe mteja wa Uganda. Hapa hakuilipa peke yake: sehemu yake iliishia kwenye senti 11.

Jumla, programu ilibeba miradi 17 yenye takriban megawati 158. Zaidi ya dola milioni 400 za mitaji na mikopo ziliingia nyuma ya ruzuku. Muvumbe kule Kabale ulijengwa na kampuni ya Sri Lanka, nchi yenye uzoefu mrefu wa mitambo midogo ya maji kwenye mashamba ya chai. Siti I na Siti II za Elgon zilikuwa za Wadenmaki. Rwimi, Nyamwamba, Lubilia na Nyamagasani zikaipanga Kasese kama shanga. Kakira, kiwanda cha sukari karibu na Jinja, kilipata ruzuku yake ya nusu senti kwa kuchoma mabaki ya miwa, ingawa kiwanda cha sukari kina sababu zake nyingi za kuchoma mabaki hata bila mhisani, na sijawahi kusadiki kwamba mradi huo ungekwama bila GET FiT.

Sasa tuje kwenye nguzo.

Mtambo mdogo wa maji hujengwa pale maji yanapoanguka, si pale watu wanapokaa. Maana yake umeme unazaliwa mwisho kabisa wa gridi, kwenye laini za kilovolti 33 zilizojengwa kupeleka umeme kidogo vijijini. Laini ya namna hiyo ni nyembamba, inapita kwenye migomba na mikaratusi, na ikiangukiwa na tawi moja wilaya nzima inazima. Ukiigeuza ghafla iwe njia ya kuutoa umeme wa megawati tano au tisa kuupeleka mjini, unaitaka ifanye kazi isiyoijua. Laini ikizima, mtambo nao lazima ujizime kwa usalama, na maji yanapita kando ya turbaini kwenda zake.

Katika mpango wa awali, kazi ya ruzuku ilikuwa kumfanya mwekezaji ajenge. Kuunganisha na kubeba umeme ilikuwa kazi ya mashirika ya umma ya Uganda, ambayo yalikuwa na bajeti zao, zabuni zao, fidia zao za ardhi na foleni zao za Wizara ya Fedha. Mwekezaji alikuwa na tarehe: akichelewa anaila nyongeza yake mwenyewe. Mwenye laini hakuwa na tarehe inayomuuma. Ukiwafunga wawili hao kwenye kamba moja, anayekimbia ataburuzwa na anayetembea.

Mikataba ililiona hilo kwa upande mmoja tu. Ilisema kwamba mtambo ukiwa tayari na gridi ikashindwa kuupokea umeme, ule umeme unahesabiwa kana kwamba umetolewa, na unalipiwa. Bila kifungu hicho hakuna benki ingekopesha, na sioni ubaya wa mwekezaji kukidai. Kazi yake ameimaliza. Ila angalia fedha inakotoka: inatoka UETCL, na nyuma ya UETCL yupo mteja na mlipa kodi. Nchi iliyokimbia dizeli ghali ikajikuta inalipia umeme ambao hakuna taa hata moja iliyowaka kwa ajili yake. Mkaguzi Mkuu wa Uganda amelipigia kelele suala hili kwa sekta nzima, na mfano mkubwa uko nje kabisa ya GET FiT: Achwa, mtambo wa megawati 42 kaskazini, uliokamilika kabla ya laini yake kubwa.

Programu ilishtuka na kuanza kugharimia sehemu ya uunganishaji yenyewe, laini na vifaa vya vituo, hasa upande wa magharibi penye mitambo mingi. Ilikuwa sahihi. Ilikuwa pia imechelewa kwa miaka kadhaa, na kuchelewa huko hakukuwa kwa bahati mbaya. Ruzuku inayolipwa kwa uniti inapendeza kwenye ripoti, kwa sababu unajua kila senti imenunua nini. Nguzo na transfoma hazina uniti zake. Zinamhudumia kila mtu, kwa hiyo hazimo kwenye hesabu ya mradi wa yeyote.

Kisha likaja la pili, ambalo wachache walilitaja mwaka 2013. GET FiT ilibuniwa kama daraja. Hesabu ya wakati ule ilisema mabwawa makubwa mawili kwenye Nile, Isimba na Karuma, yaliyojengwa kwa mikopo ya China, yatachukua miaka, na katikati hapo mahitaji yatazidi umeme uliopo. Mitambo midogo ingeziba. Lakini mitambo midogo nayo ilikumbana na fidia za ardhi, miamba migumu, wakopeshaji wanaojivuta na mvua. Mingi iliwashwa kati ya 2017 na 2019, na mingine baadaye. Isimba, megawati 183, ukazinduliwa Machi 2019. Daraja na ng'ambo vikafika pamoja. Uganda ikahama kutoka nchi ya mgao hadi nchi yenye umeme wa ziada usiku wa manane, huku watu wengi vijijini wakiwa bado wanatumia vibatari au paneli ndogo juu ya bati.

Kusema haki, Karuma nao haukuwahi ratiba. Ulianza kujengwa 2013, ukatakiwa kumalizika 2018, ukazinduliwa rasmi 2024 ukiwa na megawati 600. Kama mahitaji yangekua kama yalivyotabiriwa, ile mitambo 17 ingeimbwa kama mkombozi. Hayakukua hivyo, kwa sababu kusambaza umeme majumbani na viwandani kulikwenda taratibu kuliko kuuzalisha. Tunarudi palepale kwenye waya.

Kuna jambo ambalo ripoti za wahisani hulipita haraka, nami naliona zito. Nani alinufaika? Orodha ya wenye mitambo ina Wadenmaki, Wanorwei, Wasri Lanka, Wafaransa, Waitaliano. Waganda wamo, lakini mara nyingi kama wenye leseni ya kwanza waliouza, au washirika wadogo. Hilo halikutokana na ubaguzi wa mtu. Ruzuku inayolipwa baada ya kazi inamtaka mtu aliye na fedha kabla ya kazi. Lazima uwe na mtaji wa kupima maji miaka miwili au mitatu, kulipa wahandisi, kuwashawishi wakopeshaji wa nje, na kuvumilia mpaka siku ya kuwashwa. Mfanyabiashara wa Fort Portal mwenye hoteli na malori hana fedha ya kuisubiri namna hiyo, na benki za Kampala zinakopesha kwa riba inayoua mradi wa miaka 20 kabla haujaanza. Fungu dogo la kugharimia maandalizi ya miradi ya wenyeji, hata kama lingekuwa mkopo wa kurejeshwa siku mradi unapopata fedha, lingebadili orodha ile.

Na mikataba ni ya dola. UETCL inalipa kwa dola, mteja analipa kwa shilingi, na ERA inarekebisha bei kila robo mwaka kwa kuangalia, pamoja na mengine, thamani ya shilingi. Shilingi ikiteleza, mama anayechaji simu za watu pale Mbale anachangia kurudisha mkopo wa Copenhagen. Sijui njia rahisi ya kulikwepa hili. Mkopeshaji wa dola hatakubali shilingi kwa sababu ya upendo.

Kwa sisi wa upande wa kusini, mradi wa kufuatilia katika orodha ile ni Kikagati, kwenye Mto Kagera, ambapo ng'ambo ni Murongo, Tanzania. Mto ni mpaka, kwa hiyo ilibidi nchi mbili zikubaliane kwanza, na zikakubaliana kugawana umeme nusu kwa nusu. Maandalizi yake yalikuwa marefu kuliko ya miradi mingine, na sishangai: hapa kulikuwa na serikali mbili na waya wa nchi mbili. Lakini naupenda kwa sababu moja. Kule pembezoni mwa Kagera gridi yetu ilikuwa mbali, na kwa miaka mingi mkoa ulitegemea umeme wa kununua Uganda. Mtambo uliowekwa mwisho wa gridi ya jirani uko mwanzo wa gridi ya kwetu.

GET FiT ilihamia Zambia. Aprili 2019 mnada wa jua wa megawati 120 ulitoa bei iliyoshuka hadi chini ya senti 4 za dola, robo ya ile ya Uganda miaka michache nyuma. Kwa bei hiyo hapakuwa tena na haja kubwa ya nyongeza ya senti. Miradi ikakwama hata hivyo, safari hii si kwa nguzo bali kwa mnunuzi: ZESCO, shirika la umeme la Zambia, ilikuwa na madeni, nchi ikaingia kwenye mgogoro wa deni lake, na hakuna mkopeshaji aliyetaka kuamini ahadi ya kulipwa kwa miaka 25. Walioiandaa walikuwa wamejifunza vizuri namna ya kushusha bei ya umeme. Bei haikuwa ndiyo kizuizi.

Huko Uganda mitambo inazunguka. Ruzuku ya miaka mitano imekwisha kwa iliyotangulia, na iliyobaki ni bei ya ERA na maji. Umeme wa Karuma umeingia, mkataba wa kampuni ya Umeme uliisha Machi 2025, na kuanzia Aprili usambazaji umerudi mikononi mwa shirika la umma, UEDCL. Nguzo za kilovolti 33 zinazopita kwenye migomba ya Kasese sasa zina mwenye jina moja, na bajeti yake ya matengenezo ndiyo itakayoamua mitambo ile itauza uniti ngapi mpaka mikataba imalizike.